Macho ya Angani na Kuni za Benaco

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Katika mazungumzo ya leo nataka tulitazame gogo hilo kutoka mahali ambapo wahenga hawakupata kufika, yaani angani, kiasi cha kilomita 700 juu ya vichwa vyetu. Nitazungumzia elimu ya kuichunguza nchi kwa picha za setilaiti, na kompyuta zinazofundishwa kuzisoma picha hizo. Na ili mazungumzo yenyewe yasielee hewani, nitayashusha katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoani Kagera, ambako swali la nani aliyemaliza msitu limekuwa likiulizwa tangu mwaka 1994.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Tarehe 28 Aprili, 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yanaendelea nchini Rwanda, watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, wakaingia Ngara. Katika muda wa saa 24 hivi walikuwa wamevuka watu wapatao 250,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijapata kuona umati mkubwa kiasi kile ukikimbia kwa haraka namna ile. Mahali paitwapo Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, pakageuka mji katika muda wa siku chache. Zikafuata kambi nyingine, kama vile Musuhura, Lumasi na Lukole. Haukupita muda mrefu wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi katika Wilaya ya Ngara.

Mji ule ulihitaji kupika. Mahindi na maharage yaliletwa kwa malori kutoka mbali, lakini kuni, kwa sehemu kubwa, zilitafutwa papo hapo, kwa miguu, na aghalabu na akina mama na watoto. Kila aliyepata kukaa jikoni anajua jinsi maharage makavu yanavyokula kuni. Kwa hesabu za UNHCR, kambi za Kagera zilipokuwa zimejaa zilichoma kiasi cha tani 1,200 za kuni kila siku. Hayo ni malori ya tani saba saba zaidi ya 170, leo, kesho na kesho kutwa. Shirika hilo hilo lilieleza kwamba kati ya mwaka 1994 na 1996 misitu ya ukubwa wa kilomita za mraba 570 iliguswa, na kati ya hizo kilomita za mraba 167 ziliharibiwa vibaya.

Desemba 1996 wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao. Wenyeji wakabaki na visiki. Wakabaki pia na ubishi, maana kila upande ulikuwa na wa kumlaumu. Mwenyeji alisema mkimbizi ndiye aliyekata. Wengine walisema wenyeji nao walikata, wakauza kuni na mkaa kambini. Wapo waliosema msitu ulikwisha anza kupungua kabla hata ya mkimbizi wa kwanza kuvuka daraja. Ubishi wa namna hii hauwezi kwisha kwa kupaza sauti. Unahitaji shahidi aliyekuwapo kabla, wakati na baada ya tukio, na ambaye hana shamba wala ndugu upande wowote.

Shahidi wa namna hiyo yupo. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo uitwao Landsat mwezi Julai, 1972. Ya tano katika mfululizo huo ilirushwa mwaka 1984, nayo iliendelea kufanya kazi hadi mwaka 2013. Kwa hiyo wakati watu wanavuka Rusumo, jicho hilo lilikuwa likipita juu ya Kagera kila baada ya siku 16. Kasoro ilikuwa kwamba siku hizo picha zake ziliuzwa, na picha moja iliweza kugharimu zaidi ya dola 4,000 za Kimarekani. Ofisi ya misitu ya wilaya ingezipata wapi? Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure, za zamani na za sasa. Nchi za Ulaya nazo, kuanzia mwaka 2015, zikarusha setilaiti zao ziitwazo Sentinel-2, ambazo picha zake ni bure vilevile na zinaonyesha vitu vidogo zaidi.

Redio haina picha, kwa hiyo itabidi nieleze kwa maneno. Msikilizaji asidhani kwamba setilaiti hizi zinaona mtu amejitwika mzigo wa kuni. Picha ya Landsat imegawanywa katika vijiraba, na kila kijiraba ni kipande cha ardhi chenye mita 30 kwa mita 30, yaani pungufu kidogo ya robo eka. Kipande chote hicho kinaonekana kama nukta moja. Picha ya Sentinel-2 ina vijiraba vya mita 10 kwa mita 10, ambavyo tisa huingia ndani ya kimoja cha Landsat. Zile kilomita za mraba 167 ni sawa na vijiraba vya Landsat zaidi ya 185,000.

Kila nukta inabeba tarakimu, na tarakimu hizo ni kipimo cha mwanga unaorudi kutoka ardhini. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu, maana huutumia kujitengenezea chakula. Lakini ipo miali mingine, jirani na wekundu, ambayo jicho la binadamu haliioni, na jani bichi huirudisha juu kwa wingi sana. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Basi setilaiti inayopima aina zote mbili za mwanga inaweza kutofautisha mti wenye afya na kisiki, hata kama haioni mti mmoja mmoja.

Swali ni nani atakayezisoma tarakimu hizo. Picha moja ya Landsat ina upana wa kilomita 185, na ina vijiraba kwa mamilioni. Zamani mtaalamu alikaa mezani na karatasi na penseli, akachora mpaka wa kila msitu kwa mkono, kwa wiki nyingi. Siku hizi kazi hiyo hupewa kompyuta, lakini kompyuta haizaliwi ikijua msitu ni nini. Hufundishwa. Mtaalamu huiletea mifano ya mahali anapopafahamu na kuiambia kwamba hapa ni msitu, hapa ni shamba la mahindi, hapa ni majani matupu, hapa ni maji. Kompyuta huzitazama tarakimu za kila mfano na kujitafutia yenyewe kanuni za kutenganisha kimoja na kingine. Ndiyo maana wenyewe wanasema mashine inajifunza.

Njia mojawapo inayotumika sana ilielezwa mwaka 2001 na Leo Breiman, mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tunaweza kuifananisha na baraza la wazee. Badala ya kumtegemea mzee mmoja mwerevu, wanaitwa wazee 500. Kila mmoja anaonyeshwa sehemu tu ya ushahidi, tena si sehemu ile ile aliyoonyeshwa mwenzake, na kila mmoja anatoa uamuzi wake juu ya kijiraba kimoja. Wengi wakisema ni msitu, inaandikwa msitu. Mzee mmoja anaweza kukosea, lakini si rahisi wote 500 wakosee kwa namna moja, ila kama wote wamefundishwa vibaya.

Na hapo ndipo penye shina la mazungumzo yetu. Mashine hujua kile tu ilichofundishwa, na asiyeijua Ngara hawezi kuifundisha mashine kuhusu Ngara.

Chukua mfano wa miti ya miombo, ambayo imetapakaa upande wa Biharamulo. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mtu akichukua picha ya Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha, akailinganisha na picha ya Agosti, kompyuta inaweza kumwambia kwamba msitu umetoweka. Kumbe msitu upo, umevua nguo tu, na mvua za vuli zikianza utavaa tena. Vilevile moto wa kiangazi huacha weusi mkubwa ambao, kwa mashine isiyofundishwa, unafanana na uharibifu wa kudumu.

Au chukua mfano wa migomba. Wenyeji wa Kagera hupanda migomba pamoja na kahawa na miti ya kivuli, vyote katika shamba moja kuzunguka nyumba. Kutoka angani ni kijani kizito, na mashine iliyofundishwa kwa mifano ya nchi nyingine inaweza kuliita shamba hilo msitu. Kinyume chake, vipo vilima katika Ngara ambavyo ni vya majani tangu enzi na enzi. Mgeni akiviona vimekaa vitupu anaweza kuandika kwamba vilikatwa miti, na lawama ikamwangukia mtu asiyehusika.

Lipo pia kosa la kalamu. Biharamulo ya mwaka 1994 ilikuwa kubwa kuliko ya sasa, maana Chato ilikuwa ndani yake. Baadaye Chato ilikatwa ikawa wilaya yake, na Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 ikaingizwa huko. Mtu akilinganisha ukubwa wa misitu ya Biharamulo ya wakati ule na wa sasa bila kuutazama mpaka, ataona msitu umepungua ghafula, ilhali uliopungua ni mpaka.

Pengine msikilizaji atauliza kama mashine hizi hazipimwi. Hupimwa. Mwalimu mwema hampi mwanafunzi mtihani wa maswali yale yale waliyoyafanya pamoja darasani. Kadhalika mtaalamu huiweka pembeni sehemu ya mifano yake, haionyeshi mashine, kisha baadaye huitumia kuitahini. Lakini matokeo ya mtihani huo nayo yana hila, na mwananchi anayesomewa asilimia hana budi kuifahamu. Tuseme tuna vijiraba 1,000 na kati ya hivyo 20 ndivyo vilivyokatwa miti kweli. Mashine mbovu kabisa, ambayo haioni chochote na kila kijiraba inasema hapajakatwa kitu, itakuwa imesema kweli mara 980. Itajisifu kwamba ina usahihi wa asilimia 98, na haina faida yoyote kwa mtu anayetafuta mahali palipokatwa. Kwa hiyo anapokuja mtu na ramani yake akisema ni sahihi kwa asilimia kadha wa kadha, tumuulize swali la pili: katika sehemu zilizokatwa kweli, ameziona ngapi? Na katika zile alizosema zimekatwa, ngapi hazikukatwa?

Nisieleweke kwamba naibeza elimu hii. La hasha. Ikifundishwa vyema inaona mambo ambayo mtu aliye chini hawezi kuyaona. Hata wingu, ambalo ni adui mkubwa wa picha huko Kagera, limepatiwa dawa kiasi fulani. Tangu mwaka 2014 Ulaya ina setilaiti za rada ziitwazo Sentinel-1, ambazo hupeleka mawimbi yao zenyewe na kuyapokea yanaporudi, usiku na mchana, mawinguni na penye jua.

Zaidi ya hayo, mtaalamu akitazama umbo la uharibifu anaweza kukisia chanzo chake. Kuni za kupikia hutafutwa kwa miguu, kwa hiyo uharibifu wake huelekea kufanya duara kuzunguka makazi, na duara hupanuka kadiri siku zinavyopita. Mkaa hupakiwa kwenye magari, kwa hiyo uharibifu wake hufuata barabara. Shamba jipya lina kingo na pembe, na mwaka unaofuata hurudi kuwa la kijani kwa msimu wa mazao yake. Mtu akizipanga picha za kabla ya 1994 na za miaka iliyofuata, anaweza kutenganisha duara la kambi, mstari wa mkaa na kiraka cha shamba. Anaweza pia kutazama kama visiki vilichipua baada ya watu kuondoka, kwa sababu miti mingi ya miombo, isipolimwa wala kuchomwa mara kwa mara, huchipua tena kutoka kwenye kisiki.

Lakini hata hapo shahidi wetu ana mpaka wa ushahidi wake. Picha husema wapi na lini. Haisemi nani, wala haisemi kwa nini. Ndani ya duara la kuni yumo mama aliyekimbia akiwa na watoto wanne na akapewa maharage makavu bila kuni za kuyapikia. Yumo pia kijana wa kijiji jirani aliyeona soko limemfuata nyumbani kwao. Setilaiti inawaona wote wawili kama nukta moja. Anayetaka kuwatenganisha lazima ashuke chini akaulize.

Jambo hili analifahamu vizuri Dakta Catherine Nakalembe, mwanasayansi kutoka nchi jirani ya Uganda. Yeye alisoma Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akaendelea Marekani, na katika Chuo Kikuu cha Maryland alijikita katika kuchunguza kilimo na ukame kwa picha za setilaiti. Utafiti wake ulihusu Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, na ulisaidia kuweka utaratibu ambao serikali ya huko iliutumia kutazama hali ya mimea kutoka angani na kutoa fedha za kuwapa wananchi kazi na kipato mapema, kabla njaa haijawa balaa. Mwaka 2020 alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Chakula ya Afrika.

Ninachotaka tukitazame kwake si tuzo, ni namna ya kufanya kazi. Yeye na wenzake waliona kwamba mashine zilikosa mifano ya mashamba ya Afrika, kwa sababu mifano mingi ilitoka kwenye mashamba makubwa ya nchi tajiri, yenye zao moja hadi upeo wa macho. Shamba letu lina mahindi, maharage na mihogo pamoja. Basi wakafunga kamera kwenye helmeti za waendesha pikipiki, wapite vijijini na kupiga picha za mazao kando ya njia, kila picha ikiandikwa mahali ilipopigwa. Picha hizo za ardhini ndizo zinazoifundisha kompyuta kusoma picha za angani. Hata njia hii ina upungufu wake, maana pikipiki hupita penye njia, na shamba la mtu wa mbali na barabara linaweza kusahauliwa. Lakini mwelekeo ni huo: macho ya angani yanahitaji miguu ya ardhini.

Na sisi Tanzania hatuko mikono mitupu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ilifanyika tathmini ya misitu ya nchi nzima, ambapo watu walikwenda kwa miguu katika sehemu zaidi ya 30,000, wakapima miti kwa utepe. Ndiyo iliyotuambia kwamba tuna hekta za misitu zipatazo milioni 48. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kimewekwa kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ukaa, ambacho kazi yake inategemea picha za namna hii. Elimu ipo nchini. Swali lililobaki ni inamfikia nani.

Nalisema hili kwa sababu ramani hugeuka uamuzi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mahali penye hifadhi, nukta moja kwenye ramani inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya shamba halali na uvamizi, kati ya mfugaji aliye malishoni na mfugaji mwenye kesi. Na huko Kigoma, kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zilipopokea maelfu ya Warundi kuanzia mwaka 2015, hoja ya nani anayemaliza miti ilirudi kama ilivyokuwa Benaco. Wapo watu ambao hatima yao, ya kukaa au kuondoka, inajadiliwa huku ramani ikiwa mezani. Ramani hiyo ikiwa imekosea, hakuna wingu litakaloficha madhara yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, na wala hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila anayetengeneza ramani ya misitu ya wilaya airudishe kijijini kabla haijapigwa muhuri. Ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji, isomwe katika mkutano wa kijiji, na wananchi wapewe nafasi ya kusema hapa mmekosea, haya ni majani ya siku zote, na pale mlipoandika msitu ni migomba ya marehemu babu. Marekebisho hayo si usumbufu kwa mtaalamu. Ndiyo mifano anayoihitaji kuifundisha mashine yake.

La pili, wanaoulizwa wawe pamoja na wale wanaokwenda kuni. Mwanamke ambaye mwaka jana alitembea nusu saa, na mwaka huu anatembea saa mbili, anajua habari za msitu ule kabla ya setilaiti yoyote. Umbali anaotembea ni kipimo, nacho kinafaa kuandikwa.

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini macho haya mapya tuliyoyapata yapo juu sana, na yanahitaji kuambiwa yanatazama nini. Watu wa kuyaambia wapo Ngara na Biharamulo, na wanayo ya kusema. Waulizwe.